Vidonge vya njano na pumzi ya usiku: uchambuzi wa kisa kimoja cha mwambao wa Mwanza

Mgonjwa ninayemzungumzia hapa ni mama wa miaka 63 kutoka kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Ilemela, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akibanika sangara kwa moshi wa kuni katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, na ambaye hajawahi kuvuta sigara hata moja. Yeye na binti yake waliniruhusu nikiandike kisa chake. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, lakini dawa, vipimo na mfuatano wa saa nimeviacha kama vilivyokuwa. Mimi ni mfamasia wa wodi, si daktari aliyemtibu, na ndiyo maana uchambuzi huu unakaa zaidi kwenye dawa kuliko kwenye mapafu.

Aliletwa saa mbili asubuhi kwa bajaji, akiwa ameegemezwa katikati ya binti yake na mjukuu. Binti alieleza kwamba mama alikuwa na mafua na kikohozi kwa siku nne, kwamba usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote, na kwamba saa kumi na mbili na nusu alipompelekea uji alimkuta anakoroma kwa namna wasiyoizoea pale nyumbani. Akimwita anaguna, kisha anarudi kulala. Maneno hayo, "alilala vizuri kuliko siku zote", niliyaandika kwenye daftari kama yalivyotamkwa, bila kujua kwamba ndiyo yaliyobeba kisa chote.

Kwa kumtazama tu, ungesema ni mtu aliyezidiwa na usingizi. Kwa kumhesabia, alikuwa anapumua mara 9 kwa dakika, pumzi fupi za juu juu, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni ya damu asilimia 78. Mapigo ya moyo yalikuwa 116 kwa dakika, shinikizo la damu 148 kwa 86, na joto la mwili nyuzi 38.1. Sukari ilikuwa 6.4, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea, na alipofinywa alivuta mikono na miguu pande zote mbili sawasawa, jambo lililopunguza hofu ya kiharusi iliyokuwa midomoni mwa kila ndugu aliyekaa kwenye benchi la nje. Upande wa chini wa pafu la kulia ulikuwa na mikwaruzo ya makohozi, na daktari wa zamu akaandika homa ya mapafu.

Homa ya mapafu ilikuwapo kweli, na picha ya kifua iliyopigwa baadaye ilithibitisha. Lakini mgonjwa wa homa ya mapafu mwenye oksijeni ya asilimia 78 kwa kawaida huhema kama aliyetoka kupanda mlima wa Bugando kwa miguu. Hapumui mara 9. Mwili unapokosa hewa, ubongo huongeza kasi ya pumzi. Hapa ubongo haukuwa unafanya hivyo. Kitu fulani kilikuwa kimeunyamazisha, na swali la asubuhi ile lilipaswa kuwa hilo.

Muuguzi wa zamu, mama wa Kisukuma mwenye miaka mingi wodini, ndiye aliyeanza kuliona. Alimwinamia mgonjwa akamwita, "Mayu, mayu, fungua kinywa," na alipoingiza kile kijiti bapa cha kukandamizia ulimi, kijiti kikagandia ulimini kama kimepakwa gundi. Ilibidi akilowanishe ndipo kitoke. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, kwapani hakuna jasho hata tone. Mboni za macho, ingawa kitanda kilikuwa karibu na dirisha lenye jua, zilikuwa pana na zilijibana kwa uvivu zilipomulikwa. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limetuna na kukaza, na alipowekewa mpira ulitoka mkojo wa mililita 850. Ukiviweka pamoja kinywa kikavu, ngozi isiyotoa jasho, mboni pana, moyo unaokwenda mbio na mkojo uliozuiwa, unapata picha ambayo kila mwanafunzi wa famasi ameikariri: dawa inayozuia asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuamrisha mate, jasho, mboni za macho na kibofu. Dawa za jamii ya afyuni, ambazo ndizo hushukiwa kwanza mtu anapopumua polepole, hufanya kinyume chake kwenye macho. Mboni huwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hatukupata dawa yoyote ya aina hiyo katika alivyokuwa ametumia, naloksoni, dawa inayofuta nguvu ya afyuni, haikupigwa, na bado naona ulikuwa uamuzi sahihi.

Kabla ya kufika kwenye dawa zenyewe, kuna kosa letu la saa ya kwanza ambalo siwezi kulificha. Oksijeni ilifunguliwa lita 10 kwa dakika kwa barakoa, kama inavyofanywa kwa haraka pale tarakimu inapokuwa nyekundu. Kifaa kikapanda hadi asilimia 98, kila mtu akashusha pumzi, na katika muda wa dakika 40 mgonjwa akazidi kulala hadi hata kuguna akaacha. Mtu ambaye mapafu yake yameharibika kwa miaka huweza kuwa na hewa ukaa nyingi katika damu, na akimiminiwa oksijeni kupita kiasi hewa ukaa hiyo huongezeka zaidi: mishipa ya damu iliyokuwa imejibana katika sehemu mbovu za pafu hufunguka na kupeleka damu mahali pasipo na hewa ya kutosha, damu yenyewe hupunguza uwezo wake wa kubeba hewa ukaa, na msukumo wa kupumua nao hupungua kiasi. Hewa ukaa ikizidi, nayo hulewesha. Daktari bingwa alipofika alipunguza oksijeni hadi lita 1 kwa dakika puani, akataka kifaa kisome kati ya asilimia 88 na 92 wala si zaidi, akamketisha mgonjwa wima, akaagiza salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, kwa mashine ya mvuke, predinisoloni miligramu 40, na dawa za kuua bakteria. Saa sita mchana mgonjwa alikuwa anapumua mara 14 na anafumbua macho akiguswa bega.

Wakati hayo yanaendelea nilimwomba binti arudi nyumbani alete kila dawa iliyomo ndani, hata ya mtu mwingine, hata iliyokwisha. Alirudi na kopo tupu la maziwa ya unga.

Ndani ya kopo mlikuwa na bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu "1x1 usiku", na ndani yake vidonge saba vya njano, vidogo kuliko punje ya mahindi. Vilikuwa klorofeniramini ya miligramu 4, ile ambayo watu wa huku huiita Piriton hata ikitoka kiwanda gani, na ambayo dukani huhesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000. Palikuwa pia na karatasi ya dawa za mafua, vidonge viwili vimebaki kati ya kumi. Nyuma yake, kwa herufi zilizonilazimu kusogea dirishani, pameandikwa paracetamoli, fenilefrini, na klorofeniramini miligramu 4 katika kila kidonge. Na palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100 iliyobaki robo, yenye difenhidramini miligramu 14 katika kila kijiko cha mililita 5.

Vidonge vya njano alinunua mwenyewe, kwa ajili ya usingizi. Dawa ya mafua ililetwa na binti kutoka duka jingine. Chupa ililetwa na mjukuu kutoka duka la tatu, karibu na stendi. Kila muuzaji alitoa kitu ambacho kwa peke yake hakina shida kubwa kwa mtu mzima mwenye afya, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Majina yalikuwa matatu, rangi tatu, lakini kazi ilikuwa moja: vyote vitatu vilikuwa na antihistamini za kizazi cha kwanza, yaani dawa za aleji za zamani zinazolaza.

Tukapiga hesabu pamoja na binti, kwa kurudisha nyuma usiku mmoja mmoja. Usiku wa mwisho mama alimeza vidonge vitatu vya njano, kwa sababu kimoja na viwili vilikuwa vimeshaacha kumlaza, na vidonge viwili vya mafua. Hiyo ni klorofeniramini miligramu 20 kwa mkupuo mmoja, wakati mwongozo wa dawa wa Uingereza huwawekea wazee kikomo cha miligramu 12 kwa siku nzima. Chupa ilikuwa imefunguliwa siku mbili kabla, na mililita 75 zilizotoka ni difenhidramini miligramu 210, yaani wastani wa miligramu 105 kwa siku. Dozi moja ya usingizi ya dawa hiyo kwa mtu mzima ni miligramu 50. Hakutumia kijiko. "Nilikuwa napiga funda," alituambia alipoweza kusema.

Jambo jingine lisiloonekana kwa kuhesabu vidonge ni muda. Klorofeniramini hukaa mwilini. Kwa watu wazima huchukua karibu saa 20 au zaidi nusu yake kuondoka, na ini na figo za mzee haziharakishi. Anayeimeza kila usiku huanza dozi ya leo akiwa bado na karibu nusu ya dozi ya jana. Difenhidramini huondoka upesi zaidi, nusu yake katika saa tisa hivi kwa kijana, lakini kwa mzee huchelewa. Ule usingizi wa asubuhi ambao ndugu walidhani ni uchovu wa ugonjwa ulikuwa pia usingizi wa usiku uliokuwa haujaisha.

Sasa niseme kwa nini dawa ya aleji inalaza, maana ndipo uhusiano wake na pumzi unapoanza kueleweka. Histamini tunaifahamu kwa kuwasha, chafya na makamasi, lakini ndani ya ubongo hufanya kazi nyingine kabisa: kuna kundi dogo la seli katika haipothalamasi ambazo humwaga histamini mchana na kuuweka ubongo macho. Antihistamini za kizazi cha kwanza hupenya hadi ubongoni na kuziba vipokezi vya histamini hiyo. Setirizini na loratadini, za kizazi cha pili, husukumwa nje na pampu zilizo kwenye kuta za mishipa ya ubongo, kwa hiyo hulaza kidogo au hazilazi. Daniel Bovet alipopata kemikali ya kwanza ya kuzuia histamini katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris mwaka 1937, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1957, hakuwa akitafuta usingizi. Wala George Rieveschl hakuwa akiutafuta alipotengeneza difenhidramini huko Cincinnati mwaka 1943. Usingizi ulikuwa maudhi ya dawa. Baadaye maudhi yakawekewa chupa na kuuzwa, na kufikia miaka ya 1980 Marekani ilikuwa inaruhusu difenhidramini iuzwe kama dawa ya usingizi bila cheti cha daktari.

Usingizi wenyewe haudumu. Ubongo huizoea dawa upesi: katika majaribio ya watu waliopewa difenhidramini kila siku, uzito wa usingizi ulikuwa umeisha kufikia siku ya nne. Kinachobaki ni ukavu, mkojo kugoma, choo kigumu na, kwa wazee, kuchanganyikiwa. Kwa mama yetu uzoefu huo ulionekana wazi kwenye bahasha: kidonge kimoja kwa siku chache, viwili kwa wiki kadhaa, vitatu mwishoni. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilishauri difenhidramini isitumiwe kutibu ukosefu wa usingizi, na Jumuiya ya Marekani ya Tiba ya Wazee imeziweka antihistamini za kizazi cha kwanza katika orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee. Mwongozo ni jambo moja na kaunta ya duka saa mbili usiku ni jingine. Nalielewa hilo kwa sababu nimesimama pande zote mbili.

Nirudi kwenye pumzi. Wanaosimulia visa vya namna hii husema tu kwamba "dawa ilimzuia kupumua", na hiyo ni kusema haraka mno. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, dozi ya kawaida ya klorofeniramini au difenhidramini peke yake haipunguzi upumuaji kwa kiasi cha kutisha. Ilichofanya kwa mgonjwa huyu ni kumwondolea, kimoja baada ya kingine, vitu alivyokuwa akivitegemea ili afike asubuhi.

Kwanza makohozi. Kuzuia asetilikolini hukausha mate, na hukausha pia ute wa njia za hewa; makohozi yaliyokuwa mepesi huwa kama ugali uliolala. Mtu mwenye njia za hewa zilizosinyaa kwa moshi anaishi kwa kukohoa, na kila asubuhi kwa miaka mingi mama huyu alikuwa akikohoa mpaka kifua kifunguke ndipo awashe moto. Difenhidramini huzuia kikohozi. Ndiyo sababu imewekwa katika dawa ya kikohozi. Kwa hiyo katika siku zile mbili, bakteria wakiwa wameshaingia pafu la kulia, makohozi yaliganda na kikohozi ambacho kingeyatoa kikanyamazishwa. Binti alifurahi kwamba kikohozi kimepungua. Angewezaje kujua?

Halafu kuna usingizi wenyewe. Kila mtu anapolala hupumua kidogo kuliko akiwa macho, na katika vipindi vya ndoto misuli mingi ya mwili hulegea isipokuwa kiwambo cha chini ya kifua. Mwenye mapafu mazuri halijui hilo. Lakini mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa hutumia misuli ya shingo na mabega kuvuta pumzi. Unaweza kuiona ikisimama kama kamba anapoongea. Misuli hiyo ikilegea, oksijeni hushuka, hewa ukaa hupanda, na kinachomwokoa ni kuamka. Anaamka, anakaa kitandani, anapumua, analala tena. Dawa ya usingizi hufanya kuamka huko kuwe kugumu, na hapo ndipo mama huyu "alilala vizuri kuliko siku zote".

Naona hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na sikukipata kwenye kopo bali kwa mgonjwa mwenyewe siku ya tatu. Nilifika wodini mapema nikamkuta ameketi, kanga begani, uji wa ulezi mkononi. Nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha kubahatisha, "Mwangaluka, mayu," akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kizuri chenye makohozi. Nikamuuliza kwa nini alikuwa akitumia vidonge vya njano. Kwa sababu hapati usingizi, akasema, huu mwaka wa pili. Nikamuuliza swali ambalo, kwa maelezo yake, hakuna muuzaji aliyewahi kumuuliza katika miezi minne ya kununua: je, unashindwa kuupata usingizi, au unaupata kisha unauamkia?

"Kulala nalala, mwanangu. Saa nane usiku kifua kinanibana, naamka nakaa ukingoni mwa kitanda, mikono hivi." Akaweka uji pembeni, akaiegemeza mikono juu ya magoti na kuinama mbele kidogo, mabega juu. Ni mkao ambao vitabu vya tiba huuchora. Mtu akiukaa anaisaidia ile misuli ya shingo kuvuta hewa. Dukani alikuwa akisema "sipati usingizi" kwa sababu ndivyo ilivyoonekana kwake: usiku haumtoshi. Kumbe mapafu yake ndiyo yaliyokuwa yakimwamsha, na yalikuwa na sababu ya kumwamsha.

Hapa ni lazima niwe mwangalifu nisije nikazidisha. Onyo kwamba antihistamini hukausha kifua limekuwa kwenye maboksi kwa miongo mingi, na kwa wagonjwa wa pumu wa kawaida lilikuja kuonekana limekuzwa. Wengi wao huzitumia kwa aleji bila madhara kifuani. Tena kuna jambo linaloweza kumchanganya msomaji: ipratropiamu, inayovutwa kwa pampu kutibu ugonjwa huu huu wa kuziba njia za hewa, nayo huzuia asetilikolini, na hufungua njia za hewa. Tofauti ni kwamba ipratropiamu huishia zaidi kwenye njia za hewa na haipenyi kwa urahisi kwenye ubongo. Haikaushi mwili mzima, wala haimlazi mtu. Kwa hiyo sisemi kwamba mwenye kifua haruhusiwi kugusa kidonge cha aleji. Nasema kwamba kwa mzee ambaye mapafu yake yanamwamsha usiku, kumpa dawa ya kumzuia asiamke ni kuongeza hatari palepale ilipo, na kwamba homa ya mapafu ikija juu yake hatari hiyo hugeuka kuwa bajaji ya saa mbili asubuhi.

Je, dawa ndizo zilizomfikisha hapo, au ni homa ya mapafu pekee? Tulijadiliana, na hatukukubaliana moja kwa moja. Daktari wa zamu alibaki akisema kwamba maambukizi yalitosha. Mimi nasimama na ile mikono miwili ya ushahidi: ishara za asetilikolini iliyozuiwa, ambazo bakteria hawasababishi, na pumzi 9 kwa dakika pale ambapo tungetegemea 30. Nakubali kwamba hewa ukaa iliyopanda ingeweza yenyewe kumlaza na kupunguza pumzi zake, na kwamba oksijeni ya lita 10 tuliyompa iliongeza. Kipimo cha gesi za damu hakikupatikana asubuhi ile, kwa hiyo sehemu ya kila kimoja haiwezi kupimwa. Katika fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa niliandika dawa zote tatu kama zinazoshukiwa, na homa ya mapafu kama sababu iliyochangia.

Tuna mazoea, sisi wauza dawa, ya kugawa mabaya ya dawa katika mafungu mawili: maudhi, ambayo mteja huambiwa ayavumilie, na madhara, ambayo huambiwa arudi akiyaona. Usingizi na kinywa kukauka vimewekwa kwenye fungu la maudhi tangu enzi za maduka ya dawa baridi, na mafunzo ya maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia mengi lakini mgawanyo huo umebaki vichwani. Kisa hiki kinaonyesha kwamba mgawanyo hautegemei dawa tu. Kinywa kikavu ni udhia kwa kijana anayeanua dagaa juani. Kwa mama huyu kilikuwa dalili kwamba makohozi nayo yanakauka.

Wapo wengine ambao ningewahofia kabla ya wazee. Watoto wadogo ni wa kwanza. Promethazini, antihistamini nyingine ya kizazi cha kwanza, hupewa watoto wanaolia usiku ili nyumba ilale, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa, isipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu ya vifo vilivyotokana na kuzimika kwa pumzi. Halafu wanaochanganya na pombe, tramadoli au dawa ya kikohozi yenye kodeini. Hapo vilevi viwili vya ubongo hujumlishwa, na hata mapafu mazima hayatoi uhakika. Wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi usiku kwa taa na kujaribu kulala mchana chini ya bati la moto, wamekuwa wateja wazuri wa vidonge vya njano, na wengi wao wana chupa nyingine pembeni. Na wanaokoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika katikati, hasa wanene. Kila udhia unaolegeza koo na kuchelewesha kuamka huwaongezea muda wa kukaa bila hewa.

Kuhusu dukani, sidhani kwamba kinachohitajika ni kuvifungia vidonge kabatini. Mwuzaji aliyemhudumia mama huyu hakuvunja sheria yoyote niijuayo. Alipaswa kuuliza kinachomwamsha, kazi anayofanya, kama anakohoa asubuhi, kama mkojo unatoka vizuri, na ni nini kingine anachomeza. Maswali hayo huchukua dakika mbili, na yanapaswa kuulizwa kwa heshima, si mbele ya foleni. Mteja anayekuja mara ya tatu kwa kidonge kilekile cha usingizi ameshajibu nusu ya maswali hayo kwa kuja kwake tu.

Mgonjwa alikaa wodini siku sita. Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya pili na hakupata shida tena. Hakuna dawa ya kuondoa antihistamini mwilini iliyotumika. Tulizizuia tu na kusubiri zitoke. Wiki sita baadaye alipopuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, hewa aliyoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa asilimia 52 ya pumzi yake yote, hata baada ya salbutamoli. Chini ya asilimia 70 huhesabiwa kuwa njia za hewa zimeziba. Alipewa pampu ya kuvuta na kufundishwa kuitumia kwa chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kitako, kwa kuwa kile kifaa maalumu hakikupatikana.

Banda la kubanikia sasa linaendeshwa na mpwa wake, limeondolewa ukuta wa upande wa ziwa ili moshi upate pa kutokea, ingawa binti anasema siku za upepo wa ziwani moshi unarudi ndani vilevile. Mama mwenyewe anakaa mezani, anauza. Nilipomuuliza kuhusu usingizi alisema saa nane bado anaamka, si kila siku. Anavuta pampu mara mbili, anakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza injini za mitumbwi kule mbali, na mara nyingi inapofika ufukweni yeye ameshalala tena.